Pua bandia ya shingoni: miezi saba ya kuitumia nyumbani Dar es Salaam

Baba yangu aliondolewa zoloto lote, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, kwa sababu ya saratani, na tangu siku hiyo hapumui tena kwa pua wala kwa mdomo, bali kwa tundu la kudumu lililo chini ya shingo, juu kidogo ya mahali mitulinga miwili inapokutana. Kifaa ninachokipima hapa ni kile ambacho wauguzi wa kliniki ya masikio, pua na koo walitufundisha kukiita pua bandia: kidude chepesi cha plastiki, cha mviringo, chenye sponji ndani, ambacho hupachikwa mbele ya tundu hilo. Tumetumia vya watengenezaji wawili, na kwa kuwa tofauti zao zilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, ninazungumzia kifaa chenyewe bila kujali chapa.

Nilipokiona mara ya kwanza niliona ni anasa. Muuzaji alisema kinalinda unyevu wa hewa, nami nikamjibu kwamba Dar es Salaam, ambako nguo huota ukungu kabatini, hakuna mtu anayehitaji kununua unyevu. Nilikosea, na kosa lenyewe linaelezeka kwa hesabu. Hewa inayofika ndani ya mapafu inapaswa kuwa na joto la nyuzi 37 na kubeba takriban gramu 44 za maji kwa kila mita ya ujazo, kazi ambayo kwa mtu mzima wa afya hufanywa zaidi na pua. Hewa ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 hubeba gramu 21 hivi, yaani haifiki hata nusu. Ukisafiri kwenda Njombe, asubuhi yenye nyuzi 15, hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 13 hata iwe imelowa kwa umande. Upungufu huo wote hulipwa na utando wa bomba la hewa, nao ukikauka hutoa makohozi mazito yanayoganda kama ukoko wa wali kwenye kingo za tundu. Katika wiki zetu za mwanzo, kabla ya kununua kifaa hiki, tulikuwa tukitoa ukoko huo kwa kibano mara nne au tano kwa siku, baada ya kuulainisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, na usiku hakuna aliyelala vizuri kwa kikohozi.

Pua bandia haina umeme wala maji. Mgonjwa anapotoa pumzi, joto na unyevu hunaswa kwenye sponji, ambayo kwa aina nyingi huwa imelowekwa chumvi inayovuta maji. Anapovuta pumzi inayofuata, hewa kavu hupita hapo na kurudisha ndani sehemu ya kile kilichokuwa kinapotea. Kwa hiyo kifaa hufanya kazi vizuri pale tu kinapovaliwa mchana na usiku, jambo ambalo sikulielewa mwezi wa kwanza, kwa maana nilikuwa nikimvalisha baba anapotoka nje na kumvua anaporudi, kana kwamba ni kofia.

Siku kumi za mwanzo zilikuwa mbaya, na ni vyema mnunuzi alijue hilo kabla hajakitupa. Kwanza, baba alilalamika kwa ishara kwamba pumzi ni nzito, kwa kuwa alikuwa amezoea tundu lililo wazi kabisa, lisilo na ukinzani wowote. Pili, makohozi yalionekana kuongezeka, kumbe yalikuwa yamelainika na ndiyo maana yalitoka. Muuguzi alitushauri tuanze na aina yenye sponji nyepesi, ambayo hupitisha hewa kwa urahisi zaidi, kisha tuhamie ile nzito inayohifadhi unyevu mwingi, na ushauri huo ulifaa. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili ukoko ulikuwa umepungua hadi kusafisha mara moja asubuhi, na mashine ya kufyonza makohozi tuliyokuwa tumeikodi ilirudishwa kwa mwenyewe.

Sasa kasoro, ambazo si chache. Kidude chenyewe hakina shida kubwa; shida ni plasta ya kukishikilia. Plasta hiyo hubandikwa kuzunguka tundu, na kidude huchomekwa katikati yake. Kwenye kijitabu cha maelezo shingo iliyochorwa ni nyororo na kavu, lakini shingo ya mzee aliyepasuliwa ina makovu na mabonde, na mwezi wa Januari ina jasho tangu saa mbili asubuhi. Plasta iliyopaswa kudumu siku nzima iling'oka kabla ya adhuhuri, huku baba akipuliza hewa pembeni kwa kila kikohozi. Tulichojifunza ni kuosha ngozi kwa maji bila sabuni yenye mafuta, kuikausha kabisa, kuipasha plasta joto mikononi kwa dakika moja au mbili kabla ya kuibandika, kuikandamiza kwa vidole pande zote, na kungoja kidogo kabla ya kuchomeka kidude. Hata hivyo, alipoanza mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road ngozi ilibabuka, na plasta za aina yoyote zikawa hazivumiliki. Kipindi hicho tulihamia kwenye kijibomba laini cha silikoni kinachoingia ndani ya tundu na kufungwa kwa utepe nyuma ya shingo, na pua bandia ikachomekwa hapo. Kwa maoni yangu, kwa joto la pwani, mtu angeanza na kijibomba hicho moja kwa moja, ilimradi daktari apime ukubwa wake.

Kasoro ya pili ni kifuniko cha mbele, ambacho hubonyezwa kwa kidole ili kuziba hewa. Kwa aliyewekewa vali ya sauti kati ya bomba la hewa na umio, hiyo ni neema, kwa sababu akibonyeza, pumzi huelekea kooni na sauti hutoka. Baba hana vali hiyo. Kwake kifuniko hicho kilikuwa ni kitu cha kuzibwa kwa bahati mbaya na kola ya shati au kidevu anaposinzia, hivyo sasa havai kola iliyofungwa, na kanzu zake mbili zimepanuliwa shingo na fundi.

Kuhusu gharama: boksi la vidude 30 hutosha mwezi mmoja, kwa kuwa kila kimoja hubadilishwa angalau kila baada ya saa 24, au mapema zaidi kikijaa makohozi. Boksi hilo pamoja na plasta lilizidi kodi ya chumba tunachokipangisha uani. Kwa sababu hiyo nilifanya kile ambacho nadhani kila familia hujaribu: nilikiosha. Nilikisuuza, nikakianika dirishani, na siku ya pili baba alikivua mwenyewe baada ya dakika chache akiashiria kwamba anakosa pumzi. Maji huondoa ile chumvi na kubaki katika vijitundu vya sponji, kwa hiyo kilichooshwa hakihifadhi unyevu tena, na hewa hupita kwa taabu. Kwa sababu hiyo hiyo hakipaswi kuachwa mahali pake mgonjwa anapopewa mvuke wa dawa. Mwezi tunaoishiwa fedha ni afadhali tutumie kitambaa cha sponji kilicholowa na kufungwa mbele ya tundu, ambacho huoshwa, ingawa hakifikii hata nusu ya ubora.

Kuna jambo moja ambalo maelezo ya kwenye boksi yangepaswa kuliandika kwa herufi kubwa. Tulipompeleka baba kwenye zahanati moja akiwa na homa, mhudumu aliona kidude shingoni, akadhani ni bandeji ya kidonda, na akamwekea oksijeni puani. Kwa mtu aliyeondolewa zoloto lote, pua na mdomo havina tena njia ya kwenda mapafuni. Oksijeni lazima ipelekwe shingoni, na pua bandia itolewe kwanza ikiwa pumzi inabana. Nilimweleza mhudumu, naye aliniamini baada ya kuweka kiganja chake mbele ya tundu na kusikia pumzi. Tangu hapo baba hubeba kadi ngumu kwenye mfuko wa shati, iliyoandikwa kwa wino mwekundu: «Ninapumua kwa shingo tu.»

Ningekipa kifaa nyota nne kati ya tano, na plasta nyota mbili. Leo zimebaki pua bandia kumi na moja, na nimekwisha kuagiza boksi jingine, safari hii bila plasta.