Chaja ya CTEK MXS 5.0 kwa gari linaloshinda bandani: inafaa kwa sisi wa Mwanza?

Wadau wa magari, habari zenu, karibuni tena. Leo hatugusi turbo wala ekzosi. Leo mezani tuna kidude hiki cheusi kinachoenea kiganjani, chaja ya CTEK MXS 5.0, kampuni ya Uswidi. Nimekileta kwa sababu ya swali moja linalorudi kila mara, hasa kutoka kwenu mnaofanya kazi migodini Geita huku gari la raha limebaki Mwanza: kwa nini nikirudi likizo betri imekufa, na nilinunua mpya juzi tu?

Mwenye haraka achukue jibu aende zake. Kama gari linakaa wiki mbili, tatu bila kutembea na una soketi karibu, hii chaja nunua. Kama huna soketi, hela yako itunze, ukikaa mpaka mwisho nitakuonesha cha kufanya kwa spana moja.

Gari letu la leo ni Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, ile ambayo nje ya Japani wengi wanaijua kama MX-5. Ukifungua boneti kutafuta betri utatafuta mpaka jioni. Haipo huko, ipo kwenye buti, upande wa kulia. Sogeza kamera hapa... mnaiona hii mirija myembamba? Hii inatoa gesi nje ya gari. Betri ya risasi na asidi ikichajiwa inaweza kutoa haidrojeni, na haidrojeni kwenye buti lililofungwa ni moto unaosubiri cheche. Kwa hiyo ukienda dukani ukauziwa betri yoyote "inayoingia", isiyo na tundu la kuchomekea mirija hii, rudisha. Muuzaji atakwambia haina neno. Ina.

Sasa, inakufaje wakati gari limezimwa? Halijazimwa lote. Saa inatembea, alamu inasikiliza, kompyuta inatunza kumbukumbu zake. Tuseme vyote kwa pamoja vinakula miliampea 30, kiwango cha kawaida kabisa. Kwa siku ni kama Ah 0.7 (ampea-saa, kipimo cha chaji ya betri), kwa wiki tatu Ah 15. Kwenye betri ndogo ya Ah 32, nusu imeshaondoka na hujawasha hata taa. Ongeza na joto: betri yenyewe inavuja chaji hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka, uvujaji huo unakaribia kuwa mara mbili. Banda la bati la Nyakato saa nane mchana unalijua mwenyewe.

Hapo bado haijafa. Inayoiua ni kuachwa katika hali hiyo. Chaji ikishuka, pleti zinapata salfeti ya risasi. Ukichaji mapema, salfeti inayeyuka, mambo yanaendelea. Ukiiacha miezi, inaganda kuwa fuwele ngumu, na sehemu ile ya pleti haifanyi kazi tena. Ndiyo maana unaipeleka kwa fundi, inachajiwa usiku kucha, asubuhi inawasha gari vizuri, kesho yake kimya.

Na hapa naomba tugombane kidogo kwenye maoni. Kuna huyu shemeji au mdogo wako ambaye umemwachia ufunguo: "kila Jumamosi niwashie gari dakika kumi". Anawasha, linanguruma, anakutumia na video WhatsApp. Haisaidii! Betri ya risasi inapokea chaji haraka ikiwa chini, lakini ile asilimia 20 ya mwisho inaingia taratibu mno, ni suala la saa, siyo dakika. Dakika kumi za kunguruma gari likiwa limesimama zinarudisha sehemu tu ya kilicholiwa wiki nzima, na injini haijapata moto wa kutosha kukausha unyevu kwenye oili na ekzosi. Kama lazima liwashwe, basi litembezwe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kuzima injini kwenye foleni ya kivuko, mtu anatoka mjini mpaka Sengerema na kurudi bila kusimama. Hiyo ni safari ya kuchajia betri. Kutoka Capri Point mpaka Kirumba, hapa hapa mjini, siyo.

Turudi kwenye kidude. Nafunga waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye bodi mbali kidogo na betri, halafu ndipo nachomeka ukutani. Mpangilio ni huo, kwa sababu cheche ikitokea, isitokee juu ya betri. Angalia taa, zimepangwa mstari kuanzia 1 hadi 8, na inajisogeza yenyewe. Inachaji kwa ampea 5 mpaka volti 14.4, kisha inasimama ijipime: je, betri inashikilia chaji au inaporomoka? Ikiporomoka, taa ya hitilafu inawaka, na unajua betri imekwisha kabla hujamlaumu fundi. Ikipita, inaingia hatua ya 7, inaishikilia betri ikiwa imejaa, bila kuichemsha. Hatua ya 8 inalala, ikiona volti zimeshuka inaongeza kidogo, inalala tena. Unaiacha hapo.

Tofauti na chaja kubwa la mtaani lenye mshale ni hiyo: lile halijui kuacha. Ukilisahau linachemsha maji ya betri mpaka pleti zinabaki juu, kavu.

Kilichonifurahisha zaidi kwa mazingira yetu ni umeme kukatika. Chaja nyingine zenye vitufe vya kielektroniki, umeme ukirudi zinasubiri ubonyeze tena, na wewe uko Geita. Hii inakumbuka programu uliyoichagua na kuanza upya yenyewe. Pia inapima joto na kushusha volti kukiwa na joto, jambo ambalo kwetu lina maana zaidi kuliko ile alama ya theluji iliyochorwa pale juu. Alama ile isikuchanganye: ni volti 14.7, kwa betri za AGM (zile zilizofungwa, asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo) au kwa baridi kali. Roadster ilitoka kiwandani na AGM, kwa hiyo soma kwanza karatasi ya betri uliyonayo, maana nyingi zimeshabadilishwa njiani.

Malalamiko ninayo. Kitufe ni kimoja kwa kila kitu, na ukizidisha kubonyeza unafika RECOND, volti 15.8. Hiyo ni dawa ya betri ya maji iliyolala sana, na mimi naitumia betri ikiwa nje ya gari, sehemu yenye hewa. Kwa AGM usiiguse. La pili, plagi: ukiagiza toleo la Ulaya linakuja na pini mbili za mviringo, soketi zetu ni za pini tatu. Tafuta toleo la Uingereza. La tatu, bei. Kwa chaja moja hii unapata betri ya kawaida, wakati mwingine na chenji.

Kwa wasio na soketi. Spana namba 10, fungua hasi peke yake, ivute pembeni uifunge kitambaa. Saa itapotea, redio itasahau stesheni, alamu haitalinda. Kabla ya hapo pima kwa mita gari likiwa limelala usiku kucha: 12.6 kwenda juu imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 usiiache hivyo hata wiki. Ule unga mweupe wa kibuluu kwenye vichwa vya betri, osha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, kausha, paka grisi. Betri ya maji ikipungua, ongeza maji safi ya betri, siyo asidi, na uongeze baada ya kuchaji, isipokuwa pleti ziko wazi. Halafu kila mwezi mtu aichomoe, aipeleke ilipo chaja, airudishe. Kwa Roadster aanze na ile mirija, maana akiisahau wakati wa kurudisha, buti likifungwa hakuna atakayeiona.