Kerneli ya Mathematica: tathmini ya namna inavyowashwa, kuzimwa na kuanzishwa upya

Mathematica, programu ya kukokotoa hisabati kutoka kampuni ya Wolfram, ni programu mbili zilizofungwa katika kifurushi kimoja. Ile unayoiona, yenye daftari (faili unaloandikia hesabu na kuonea majibu), menyu na michoro, kazi yake ni kupokea unachoandika na kukuonyesha majibu. Ile usiyoiona, yaani kerneli, ndiyo inayokokotoa. Mbili hizi huwasiliana kwa itifaki ambayo kwa miaka mingi iliitwa MathLink na sasa inaitwa WSTP. Utengano huo umekuwapo tangu toleo la kwanza lilipotoka mwaka 1988, na ndiyo sababu hadi leo unaweza kuandika kwenye kompyuta ndogo ya mezani huku hesabu nzito zikifanyika kwenye seva iliyo chumba kingine. Ndiyo sababu pia ya swali ambalo wanafunzi hawachoki kuliuliza: kwa nini jibu la leo si la jana, ilhali daftari ni lile lile? Tathmini hii inahusu upande wa kerneli peke yake, na inatokana na toleo la 12, ambalo ndilo ninalofundishia.

Tuanze na kuwasha. Ukifungua daftari, kerneli hailali macho ikikungoja. Huwashwa pale tu unapobonyeza Shift na Enter kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo hesabu ya kwanza, hata ikiwa ni 1 + 1, huchukua sekunde kadhaa, na kwenye mashine yenye diski kuu ya zamani huchukua zaidi, kisha zinazofuata hujibiwa papo hapo. Mgeni hudhani programu imekwama. Kwenye dirisha la Kernel Configuration Options kuna kisanduku cha kuagiza kerneli iwashwe pamoja na programu, lakini sishauri mtu akiguse, kwa kuwa mara nyingi tunafungua daftari ili kulisoma tu, na hakuna haja ya kutumia kumbukumbu ya kompyuta kwa kazi ambayo haitafanyika.

Kila inapowashwa, kerneli husoma faili liitwalo init.m lililo katika folda ya Kernel ndani ya saraka ya mtumiaji, ambayo njia yake unaipata kwa kuandika $UserBaseDirectory. Hapa watengenezaji wameweka mtego usio wa lazima, kwa sababu kuna init.m nyingine katika folda ya FrontEnd, na hiyo huhifadhi mapendeleo ya upande wa daftari. Majina yanafanana, kazi hazifanani, na anayehariri faili lisilo sahihi hujikuta akihangaika bila kuona badiliko lolote. Katika lile la kerneli ninaweka mstari mmoja wa maana: $HistoryLength = 20, unaoagiza majibu 20 ya mwisho tu yahifadhiwe. Kwa kawaida Mathematica huhifadhi kila jibu iliyowahi kulitoa tangu ilipowashwa, bila kikomo, ili uweze kulirejea kwa alama ya asilimia au kwa namba yake. Ni ukarimu mzuri kwa anayetafuta derivativu, lakini kwa anayeshughulika na matriki kubwa kumbukumbu ya kompyuta hujaa taratibu bila yeye kujua, na MemoryInUse[] itamwonyesha idadi ya baiti ikipanda hata baada ya kufuta alichodhani amekifuta.

Kuweka fomula zako mwenyewe katika init.m ni jambo jingine, na silipendekezi hata kidogo. Daftari litafanya kazi kwako, na litakwama siku utakapomtumia mwenzako, kwa kuwa nusu ya maelezo yamebaki kwenye mashine yako. Kwa haja hiyo zimetengenezwa seli za uanzishaji (seli ni kisanduku kimoja cha maandishi au hesabu ndani ya daftari), ambazo husafiri pamoja na daftari; unapokokotoa kwa mara ya kwanza, programu hukuuliza kama ungependa seli hizo zote ziendeshwe kwanza. Watu hulalamikia swali hilo kwamba linasumbua. Mimi naona lina haki ya kuwapo, kwani daftari lililotoka kwa mtu usiyemjua linaweza kubeba amri ya kufuta mafaili.

Sasa tuje kwenye kuanzisha upya, ambako ndiko penye uzito. Chukua mfano mdogo. Mwanafunzi anaandika f[x_] := x^2, kisha kwa sababu fulani ya majaribio anaongeza f[2] = 100. Baadaye anaifuta seli hiyo ya pili kwenye daftari, anabadilisha ile ya kwanza kuwa f[x_] := x^3, na kuomba jedwali la thamani kuanzia 1 hadi 4. Anapata 1, 100, 27, 64. Macho yake yanamwambia kuwa 100 haina pa kutokea, na ni kweli kwamba katika ukurasa haina. Imo ndani ya kerneli, ambayo haisomi daftari bali inakumbuka kila ilichowahi kuambiwa hadi iamriwe kusahau, na kwayo kanuni ya jumla na thamani maalumu ni maelezo mawili tofauti, ambapo lile maalumu hutangulia. Aizime kerneli, akokotoe upya seli zilizobaki, na jedwali litakuwa 1, 8, 27, 64. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linaloleta ujumbe mwekundu, kwa sababu halitoi sauti. Katika jedwali la thamani 400 badala ya 4 hakuna ambaye angeliona.

Njia za kuzima ni mbili. Ya kwanza ni kupitia menyu ya Evaluation, kisha Quit Kernel, kisha Local, na hapo programu hukuuliza kama umedhamiria. Ya pili ni kuandika Quit[] katika seli yoyote, na hiyo haiulizi chochote. Baada ya hapo maandishi na majibu ya zamani hubaki kwenye daftari kama yalivyokuwa, namba za seli mpya huanza tena kutoka 1, na kerneli mpya haiwashwi mpaka utakapoiomba hesabu. Wapo wanaodhani kwamba ClearAll["Global`*"] inatosha. Hufuta maana ulizoyapa majina yako, ni kweli, lakini orodha ya majibu ya nyuma hubaki, vifurushi ulivyopakia hubaki, na mipangilio uliyoibadilisha kwa SetOptions hubaki vilevile. Ni ufagio wa sebuleni tu.

Kinachonikera ni kwamba katika toleo hili sikioni kitufe kimoja cha kuzima kerneli, kuiwasha na kuendesha daftari zima kuanzia juu hadi chini. Jupyter, programu nyingine ya madaftari ya kukokotoa, wanacho, kipo wazi kwenye menyu, na mtu anayekaribia kukabidhi kazi yake hukibonyeza kama sehemu ya ukaguzi wa mwisho. Maple, programu nyingine ya hisabati, nao wana amri ya restart, ambayo kwa desturi huandikwa mwanzoni kabisa mwa karatasi ya kazi, katika kundi lake peke yake, hivi kwamba kila anayeiendesha karatasi hiyo kuanzia juu huanza na kumbukumbu tupu. Katika Mathematica ni lazima uzime, uthibitishe, kisha urudi kwenye menyu uchague Evaluate Notebook. Hatua hizo si nyingi, lakini zinatosha kumfanya mwanafunzi mwenye haraka aziruke, na watumiaji wazoefu wamezoea kujiundia kitufe chao wenyewe kwa msimbo mfupi. Kwa programu inayouzwa kwa bei yake, hilo lingepaswa kuja nayo.

Linaloongeza uzito ni kwamba madaftari yote uliyoyafungua hutumia kerneli moja. Ukiita x kuwa 5 katika daftari la takwimu, x itakuwa 5 katika daftari la kalkulasi, na ukizima kerneli kwa ajili ya moja umezizimia zote. Tiba zipo: kila daftari laweza kupewa muktadha wake, yaani eneo lake la majina lisiloingiliana na ya madaftari mengine, kwa kuchagua Unique to This Notebook chini ya Notebook's Default Context, au unaweza kuongeza kerneli ya pili katika mipangilio na kulielekeza daftari huko. Ya kwanza nyepesi, na ningependa iwe ndiyo kawaida badala ya kuwa hiari.

Kabla ya kuzima kwa sababu hesabu imegoma kwisha, jaribu Alt pamoja na nukta, au Command na nukta kwenye Mac, ambayo husimamisha hesabu bila kupoteza ulichonacho. Kwa kawaida hutii. Isipotii, mara nyingi kwa sababu kerneli imo ndani ya maktaba ya nje, ndipo uzime. Mwenye busara zaidi huizungushia hesabu TimeConstrained au MemoryConstrained mapema, amri zinazoiwekea kikomo cha muda au cha kumbukumbu, kwa kuwa kumbukumbu ya mashine nzima ikijaa, mfumo wa kompyuta wenyewe unaweza kuiua kerneli, na upande wa daftari utakuarifu kwamba kerneli imeondoka katikati ya hesabu. Vilivyokuwa ndani yake vimekwenda. Ndivyo ilivyo pia umeme ukikatika: daftari ulilohifadhi lipo, thamani hazipo. Hesabu iliyochukua usiku kucha ihifadhiwe kwa DumpSave, ambayo hutoa faili la .mx linalopakiwa haraka sana, ila usitarajie kulifungua kwenye kompyuta ya aina nyingine. Kwa hilo tumia Save, ambayo huandika maandishi ya kawaida.

Kerneli ndogo za kukokotoa sambamba sina malalamiko nazo. LaunchKernels[] huziwasha, CloseKernels[] huzizima, na zikisahauliwa huondoka pamoja na kerneli kuu. Idadi yake hutegemea leseni.

Kwa mwalimu au mtafiti ambaye chuo chake tayari kina leseni, usimamizi wa kerneli si sababu ya kuikataa Mathematica. Zana zote zipo, ingawa zimetawanywa. Asiye na leseni anaweza kuanza na Wolfram Engine, iliyotolewa mwaka 2019, ambayo ni kerneli hiyo hiyo bila daftari, na hutolewa bure kwa wanaotengeneza programu ambazo bado hazijaingia katika matumizi rasmi. Wolfram wenyewe wametoa kiunganishi cha kuitumia ndani ya Jupyter, na humo, cha kuchekesha, kile kitufe cha kuanzisha upya na kuendesha kila kitu kipo.