Kifurushi cha vipimo vya virusi: mimi mgonjwa, dadangu mzima, majibu yale yale

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za yule kijana wa kutoa damu. Alinifunga mpira mkononi, akapapasa mshipa kwa kidole, akadunga mara moja tu, karibu nisihisi. Mahali ni pasafi, sindano hufunguliwa mbele ya macho yako, na majibu yalitoka siku waliyoahidi. Jina la maabara sitalitaja. Iko hapa kisiwani Mombasa.

Nilikwenda kwa ajili ya uchovu. Tangu Ramadhani nilikuwa nikipanda ngazi za shule nasimama katikati, nimeshika ukuta, wanafunzi wanapita wakiniamkia. Tangazo lao likasema watakutafutia virusi vinavyokumaliza nguvu: vipimo vitatu kwa shilingi 14,500, na ukija na ndugu yako yeye atalipa nusu. Nikaja na dadangu. Dadangu hana ugonjwa wowote. Hubeba mtungi wa maji wa lita 20 hadi ghorofa ya tatu huko Tudor, na akifika juu bado anaongea na simu.

Majibu yangu kwa virusi vyao vitatu: Epstein-Barr IgG chanya, saitomegalo IgG chanya, hepesi ya aina ya 1 IgG chanya. Ya dadangu: chanya, chanya, chanya. Ukifunika majina huwezi kujua karatasi ipi ni ya nani.

Mhudumu akaniambia, "Mama, hivi ndivyo vinavyokuchosha," akasogeza chupa ya vidonge vya kuongeza kinga, shilingi 3,800. Nikamwuliza, mbona na huyu anavyo? Akasema vyake vimelala. Kwenye karatasi hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

Nimefundisha baiolojia miaka 19, na hapa siwezi kunyamaza. IgG ni kumbukumbu. Mwili uliwahi kukutana na kirusi, ukatengeneza kingamwili, na kingamwili hizo hukaa miaka na miaka. IgM, ambayo mara nyingi huonyesha maambukizi ya karibuni, haimo kwenye kifurushi. Epstein-Barr wanacho zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani, na huku kwetu Afrika watoto wengi hukipata kabla ya kutimiza miaka 3, mara nyingi bila mzazi kujua. Hepesi ya aina ya 1, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanayo karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya miaka 50. Pima abiria wote wa matatu moja kutoka Kongowea hadi Posta uone. Kumkuta mgonjwa na kirusi ambacho wazima pia wanacho hakujakwambia anaumwa nini.

Hata wataalamu wamewahi kupotea hapa. Mwaka 2009, huko Marekani, watafiti walitangaza kwamba kirusi kiitwacho XMRV kimeonekana kwa wagonjwa 68 kati ya 101 wenye uchovu sugu, na kwa wazima 8 tu kati ya 218. Wapo wagonjwa walioanza kumeza dawa za UKIMWI kwa tumaini hilo. Maabara nyingine zikarudia zisikione, ikabainika ni uchafu ulioingia kwenye sampuli, na mwaka 2011 makala ikaondolewa. Wale walau walipima na wazima.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa pale kwenye viti vya kungojea. Mama kijana, mtoto mgongoni, ameshika karatasi yake na mkono unatetemeka. Huku kwetu ukisema "virusi" bila kuongeza neno, mtu husikia UKIMWI. Akanong'ona, "Mwalimu, nimwachishe ziwa?" Ilikuwa saitomegalo IgG. Mtoto wake alizaliwa kwa wakati wake, mnene, anacheka. Nikamwambia, mwanangu, mnyonyeshe, hiki si kile unachokiogopa. Alilia mpaka ushungi ukalowa. Hakuna mhudumu aliyemweleza kitu.

Mimi jibu langu nililipata kwenye kliniki ndogo Kisauni. Daktari alivuta kope langu la chini, akatazama, akasema, "Mwalimu, huna damu." Kipimo cha shilingi 400: damu 8.1. Chanzo kilikuwa uvimbe kwenye kizazi, uliokuwa ukinimwagia damu kila mwezi. Sasa niko wiki ya tano ya vidonge vya madini ya chuma, na juzi nilipanda ngazi zote bila kusimama.

Nilirudi maabara kuomba waongeze sentensi moja chini ya majibu: kwamba watu wengi wasio wagonjwa wana majibu kama haya. Msimamizi alinisikiliza vizuri, akasema atalifikisha juu. Siku nitakapoiona karatasi yenye sentensi hiyo nitaongeza nyota. Kwa sasa, ukiwa na uchovu, anza na kile kipimo cha 400.