Steshenari ya Mwanga iliyonigeuza dereva: uzoefu wangu wa kuandikiwa CV ya uuguzi

Kama uko Kigoma mjini na umemaliza chuo cha uuguzi karibuni, soma hapa kabla hujapeleka hela yako Mwanga. Jina la steshenari sitaji. Ina karatasi mlangoni imeandikwa "Tunaandika CV za kada zote". Kada zote. Maneno hayo ndiyo yaliyoniingiza ndani.

Ngoja niwape haki yao mapema, maana nikishaanza sitakumbuka tena. Printa yao ni safi, haiachi mistari myeusi pembeni. Skana yao ndiyo usiseme. Vyeti vyangu vilivyogongwa muhuri na wakili walivipunguza uzito vikapanda kwenye Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, bila kukwama, wakati kule nilikotangulia walinipa mafaili mazito mfumo ukayatema yote. Kwa kazi hiyo peke yake nilitoka nawasifia njia nzima mpaka Gungu.

Sasa CV.

Nilikwenda na kila kitu: cheti cha stashahada, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kitambulisho cha NIDA, na lile daftari la mazoezi lenye sahihi za wasimamizi. Rasimu nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwa mkono. Mwenye duka, kaka mmoja nadhifu, shati limechomekewa, akaipokea macho yakiwa kwenye simu.

"Umefanya kazi wapi, sista?"

Nikamwambia sijaajiriwa bado, ila fildi, yaani mazoezi ya vitendo ya chuo, nimefanya wodi zote, na zahanati nimejitolea.

"Kwa hiyo uzoefu huna."

Nikamweleza upya, polepole: wazazi, watoto, upasuaji, magonjwa ya ndani, kliniki ya mama na mtoto. Akacheka kidogo kwa pua. "Hayo ya shule, sista. Ya shule hayawekwi. Mwajiri anataka kazi."

Binti wake wa fotokopi alikuwa ameshaanza kuichapa ile sehemu. Yule bwana akamsogeza, akashika kipanya, akaburuta kutoka juu mpaka chini, maandishi yote yakawa ya buluu, akabonyeza kitufe kimoja. Wodi ya wazazi, kwisha. Wodi ya watoto, kwisha. Zahanati niliyokuwa naamkia alfajiri bila kulipwa hata nauli, kwisha.

Jamani, ya shule? Mkoa huu malaria tunaijua. Mvua zikikolea wodi ya watoto inafurika, mtoto analetwa viganja vyeupe kama chaki, damu hana, na wewe mwanafunzi ndiye umeinama kutafuta mshipa kwenye mkono usiozidi kidole chako gumba. Ukiupata, unaanza kuhesabu matone na kusimama palepale dakika za mwanzo kuangalia kama damu inampokea vizuri au anaanza kutetemeka. Leba nimejaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, usiku kucha. Nimechoma oksitosini, sindano ya kumzuia mama asivuje damu nyingi, mtoto akishatoka, nimesimamia kondo, nimempa mtoto BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio. Chini ya mkunga, ndiyo, na huyo mkunga ametia sahihi kila ukurasa. Sasa mtu ambaye hajawahi kushika hata pamba yenye spiriti ananiambia ni ya shule!

Halafu akafika kwenye lugha. Nilikuwa nimeandika Kiswahili, Kiingereza, Kiha. Kiha akakifuta. "Lugha ya kijijini haiwekwi." Kigoma hii hii, ambako mama wa Kirundi analetwa na uchungu na mtu wa kumsikia anachosema ni yule anayejua Kiha, kwa sababu lugha hizo ni ndugu. Mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu yakitangaza nafasi, unadhani yanatafuta muuguzi anayejua Kifaransa cha Paris? Lakini sawa, nilinyamaza. Nikajiambia huyu ndiye mtaalamu, ameshaandikia wengi.

Badala ya wodi zangu akajaza vile vimaneno vya Kiingereza kwamba mimi ni mchapakazi, mbunifu, najituma bila kusimamiwa. (Muuguzi mpya anayejituma bila kusimamiwa ni hatari kwa mgonjwa, lakini hilo angelijulia wapi.) Akachapa, akaweka kwenye bahasha ya kaki, akaiziba kwa gundi yeye mwenyewe. Elfu kumi. "Tayari, sista, hapo kazi umepata." Na msije kuniuliza kwa nini sikuifungua niisome. Nimemlipa mtu aandike na ahakiki, tena bahasha kaiziba yeye.

Siku zikapita, nikaitwa kwenye usaili, hospitali moja ya binafsi. Mbele yangu matroni na watu wengine wawili. Matroni akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Mwanangu, hapa kwenye leseni umeandika udereva, daraja D."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Na ujuzi wako ni kupokea na kuhakiki mizigo bandarini." Akageuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kitu. "Ambulensi yetu ina dereva. Leseni ya uuguzi iko wapi?"

Yule bwana wa pembeni akainamisha kichwa asicheke usoni pangu. Kumbe mwenye duka alichukua CV ya mteja aliyenitangulia, mtu wa bandarini, akabadilisha jina na chuo, mengine akayaacha. Kwa hiyo nafasi ya leseni ilikuwa imeshajaa, na yangu haikuwekwa kabisa. Namba ya usajili hakuna. Kwa muuguzi hiyo si kasoro ndogo: Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inakukataza kufanya kazi hii bila leseni, kwa hiyo mwajiri asipoiona, mengine yote anasoma ya nini? Nilitoa leseni halisi kwenye mkoba, mkono unatetemeka. Matroni, Mungu ambariki, akasema nirudi na CV ya kweli kabla hawajafunga.

Nikarudi Mwanga kwa miguu, jua la mchana, hasira hata kiu sikuisikia. Nikamwekea ile karatasi juu ya kioo cha kaunta. Akaitazama.

"Hiyo ni fomati, sista. Leseni ni leseni. Wenzako wanapata kazi kwa fomati hiyo hiyo."

Nikamwambia kaka, mimi gari sijui hata kuliwasha. Wateja wakacheka, na nadhani kicheko ndicho kilichomchoma, maana akapandisha sauti: "Kama unajua kuandika, ulikuja kufuata nini hapa?"

Hilo ndilo neno lililonileta kuandika haya. Daraja D ningesamehe, mtu anachoka, anasahau kufuta. Lakini mteja amekulipa, umemwaibisha mbele ya matroni, na bado unamkemea mbele ya foleni ya watu wa fotokopi? Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga nyota mbili, kwa ajili ya skana. Nikafika hapa nikabakiza moja. Sasa hivi hata hiyo moja naona inawazidi.

CV yenyewe ilinyooshwa na mama mmoja jirani yetu, muuguzi mstaafu, pale barazani kwake akichambua dagaa. Akaniagiza kalamu nyekundu. Leseni akaipandisha juu kabisa chini ya jina: namba ya usajili na tarehe inapoisha. Kisha elimu, mistari michache, akasema shule ya msingi haina haja. Kisha mazoezi, na hapo ndipo alipokaa muda mrefu, dagaa wakamsubiri. Kila wodi peke yake, na hospitali gani, miezi gani, na chini yake kile nilichofanya kwa mikono yangu. Nikiandika "nilisaidia wagonjwa" anakata. "Ulisaidia nini? Ulimgeuza? Ulimsafisha kidonda? Ulimwekea mpira wa mkojo? Andika." Pale nilipotazama tu, alinikatalia kuandika nimefanya. Kujitolea akakipa kichwa chake. Kiha kikarudi.

Kwenye wadhamini tukabishana. Nilitaka kuweka mchungaji wetu. Akasema mchungaji anajua unakuja ibadani, hajui kama unajua kutundika dripu. Tukaweka mkufunzi, muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto, na mganga wa ile zahanati, namba zao za simu kwa ruhusa yao. Watatu, maana ndio idadi ambayo matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huitaka. Yote kurasa mbili, wala sikudanganya neno hata moja. Kwa hiyo uzoefu nilikuwa nao!

Na sasa mtanicheka: niliipeleka kuchapwa pale pale. Ndiyo, pale pale. Printa za kwingine zinapaka wino, na muda ulikuwa umekwisha. Bwana mkubwa hakuwepo. Yule binti wa fotokopi aliisoma rasimu yote kabla ya kugusa kibodi, akauliza patografu inaandikwaje, akanigeuzia kioo cha kompyuta niisome mstari kwa mstari kabla hajachapa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile alitaka kusema, akaogopa. Kazi nzuri. Huyo nyota tano, na ninaziandika bila kinyongo.

Tukiwa tunamaliza bosi akaingia. Akatazama kioo, akatazama mimi, hata salamu hakuna. "Kuhariri ni elfu moja." Kuhariri! Yaani nilipie kuondolewa udereva alionipa yeye. Nililipa, kwa sababu angemkata yule binti mshahara.

Kwa hiyo kuskani, kutoa kopi, kupandisha vyeti, nendeni, sina neno. CV msiwape labda mkute binti yuko peke yake, na hapo nendeni na rasimu yenu mkononi. Asubuhi anakuwepo. Bosi huja kuanzia saa tano.