Kibebeo cha mtoto cha mtumba, miezi saba mgongoni: uzoefu wa baba asiyeona, Moshi

Nilikinunua soko la Memorial siku ya Jumamosi, shilingi 18,000, baada ya muuzaji kuanzia 35,000. Kabla ya kulipa nilikaa juu ya belo karibu nusu saa nikikipapasa: mkanda mpana wa kiunoni, mikanda miwili ya mabegani yenye sponji, klipu nne za plastiki. Kila klipu niliifunga na kuifungua kwa mkono mmoja, tena na tena, mpaka muuzaji akadhani nina wasiwasi na rangi. "Ni bluu, baba, inapendeza." Mimi nilikuwa nasikiliza mlio. Klipu nzima ikiingia hulia "tak!" moja kavu. Iliyochoka nayo hulia, lakini ukiivuta kidogo inachomoka kimya kimya. Moja ilikuwa imechoka. Fundi mabegi wa pale pale akaniwekea nyingine kwa 1,500, na hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Mimi sioni kabisa tangu nikiwa na miaka tisa, presha ya macho. Ni mwalimu wa sekondari, tunaishi Pasua. Mama watoto anaona kidogo, na jua likiwaka hata hicho kidogo kinapotea. Yeye hutoka alfajiri kwenda Mbuyuni kwenye biashara yake, kwa hiyo kuwapeleka watoto ni kazi yangu: mkubwa, miaka mitatu na nusu, chekechea, mdogo, ambaye sasa ana miezi kumi, kwa bibi yake Majengo, kliniki, na kwingine kote. Mkono wa kulia una fimbo nyeupe. Unabaki mmoja. Ndiyo maana nikatafuta kibebeo, kwa sababu mkubwa naye anataka kushikwa.

Karibu kila mtu aliniambia nimbebe mdogo mbele, "ili uwe unamwona." Sikuwajibu, ila nilijaribu, wiki mbili nzima. Mbele hakufai kwa mtu wa fimbo, na sababu yake ni ya kimwili tu. Mpini wa fimbo hukaa katikati ya mwili, usawa wa kitovu, na kiganja ndicho kinachoipeleka ncha kulia na kushoto, upana wa mabega. Aliyeweka utaratibu huo, Mmarekani Richard Hoover, aliuandaa mwaka 1944 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Askari wake hawakuwa na miguu ya mtoto ikining'inia mbele ya kitovu. Wangu alikuwa akinipiga teke kwenye kiwiko cha mkono kila nikitaka kuipeleka fimbo kushoto, na kushoto kwangu asubuhi kuna mtaro usio na mfuniko. Siku nyingine aliukamata ule mpira wa kuvalia mkononi ulio juu ya mpini, akautia mdomoni, akagoma kuuachia. Nikasimama katikati ya njia nikibembelezana na mtoto wa miezi mitatu anipe macho yangu.

Halafu kuna vitu ambavyo fimbo haivigusi. Fimbo inakwambia habari za chini, mpaka kiunoni hivi. Haikwambii habari ya bodi la Fuso lililoshushwa nyuma, wala dirisha lililofunguliwa kwa nje, wala bati la kibanda lililochomoza njiani. Mtoto akiwa kifuani, anayefika kwanza ni yeye. Akiwa mgongoni, nafika mimi. Nina kovu juu ya nyusi, yeye hana.

Basi mgongoni. Nilisubiri mpaka shingo yake ikakaza, na nilifanya mazoezi kwanza na mfuko wa sembe wa kilo tano, nikiwa nimekipa kitanda mgongo ili ukidondoka udondokee godoro. Ulidondoka mara mbili. Yeye hajadondoka hata mara moja. Ukaguzi wangu ni wa vidole: magoti yake yawe juu kuliko makalio, amekaa kama chura, vidole viwili viingie kati ya kidevu na kifua, maana kidevu kikizama kifuani pumzi inabanwa, kisha navuta kila klipu, nne, nikihesabu kwa sauti. Mkubwa ameshazishika zote, ananihesabia kabla sijaanza.

Watu huuliza nitajuaje hali yake akiwa nyuma. Pumzi yake iko shingoni kwangu. Akiwa macho huchezea kola ya shati, akilala kichwa kinaegemea kulia na uzito wote unashuka kidogo, kama ndoo iliyotuliwa. Akitapika najua kabla ya mtu mwingine yeyote Moshi.

Tatizo la mgongoni sikulitarajia, na sijasikia mtu akilisema: masikio. Mtoto wa miezi saba ana mdomo, na mdomo huo uko sentimita chache kutoka sikio langu la kulia. Ninapovuka Double Road nasikiliza magari yanayokwenda sambamba na mimi, nasikiliza bajaji inayojipenyeza, nasikiliza bodaboda iliyozimwa injini inayoteremka bure. Sasa weka "bababababa" juu ya hayo yote. Nimeshasimama pembeni ya barabara mpaka daladala tatu zimepita nikisubiri amalize hotuba. Dawa niliyoipata ni kipande cha ndizi mbivu. Nikifika ukingoni namrushia mkono nyuma, anakipokea, kuna ukimya wa kama nusu dakika, navuka. Kofia ya jua ya kibebeo nayo niliikata kwa mkasi siku ya tatu kwa sababu ilikuwa ikikwaruza sikioni na kila gari likawa linasikika kama liko kwenye gunia.

Kwenye daladala kibebeo kinafeli, niseme wazi. Mlango wa Hiace ni mfupi, na kichwa cha mtoto kinazidi bega langu kwa vidole vinne. Ukiinama kwa mazoea yako, wewe unapita, yeye anagonga. Aligonga mara moja, siku ya kwanza, na kilio kile bado ninacho. Kwa hiyo lazima umhamishie mbele kabla ya kupanda: fungua klipu ya bega moja, mpitishe chini ya kwapa, funga tena, kagua. Mimi nachukua dakika moja. Konda hana dakika. Mbeleko ya bibi yake, kitenge kile kile cha siku zote, unalegeza fundo na kumzungusha tu, pumzi tatu ameshafika mapajani. Siku za daladala nyingi navaa mbeleko, wacha waseme baba kavaa kitenge. Konda mmoja wa njia yetu alishazoea, akiniona tu anapiga kelele ndani, "Mpisheni mwalimu, ana kichanga!" na tukifika, "Mwalimu, mguu wa kushoto, taratibu, hapo kuna dimbwi." Huyo mwenye kutaja dimbwi ana thamani kuliko klipu zote.

Na kuna kupakatiwa. Abiria wa Moshi hawezi kukuona umesimama na mtoto asiseme, "Nipe nikupakatie." Nampa. Ila namwomba aendelee kuongea, chochote tu, bei ya mahindi, mchungaji wao, ili nijue mtoto yuko upande gani. Wengi hucheka, kisha huongea kweli. Mama mmoja aliongea kuhusu kesi ya shamba la ukoo wao huko Kibosho mpaka nikapitiliza kituo.

Kigari cha mtoto nitakimaliza haraka. Tuliazimwa kimoja kizuri. Wazazi wasioona wa Marekani na Uingereza, wengi hukivuta nyuma kwa mkono mmoja huku fimbo ikitangulia mbele, na hiyo ni akili, kwa sababu ukikisukuma mbele mtoto ndiye anakuwa fimbo yako. Kwenye lami ya mjini kinavutika. Pasua, mwezi wa nne, masika yakiwa yamechacha, nilikivuta hatua kama arobaini kwenye tope jekundu, gurudumu moja likabaki. Nilimrudishia mwenyewe likiwa limefungwa kwa waya.

Joto la Januari na Februari: sponji ile haipumui. Alitokwa na vipele vya joto mgongoni na kifuani, na mimi shati lilikuwa likiloa kabla ya kufika stendi. Kufua ni kesi nyingine. Mwezi wa saba, mawingu yakiwa yamekaa siku nzima, kilichukua siku mbili na nusu kukauka. Kitenge ni saa tatu. Pia siku za chanjo usikitumie kurudi nyumbani. Sindano za wiki ya 14 huchomwa pajani, na ukingo wa kibebeo unakaa pale pale. Alilia kutoka kliniki mpaka nyumbani na mimi nikidhani ana njaa, hadi mama watoto alipoligusa paja likiwa gumu na la moto. Ile ya surua na rubela ya miezi tisa nilikwenda na mbeleko nikiwa nimefunga chini zaidi, tukarudi naye akiimba. (Kliniki wenyewe hawanipi shida sana. Ninachoomba kila mara ni nisomewe kadi kwa sauti, kilo ngapi, tarehe ya kurudi lini, nami narekodi kwenye simu. Bado kuna anayeuliza, "Mama yake yuko wapi?" Yuko sokoni, dada, anatafuta hela.)

Faida kubwa ya kibebeo sikuijua mpaka lilipotokea jambo ambalo hata sasa nikilisimulia mkono wa kushoto unatoka jasho.

Tulikuwa tunavuka karibu na mnara wa saa. Mdogo mgongoni, mkubwa mkono wa kushoto, fimbo kulia. Nasikiliza. Nikasikia sauti ya mwanaume kwa chini, "Njoo mtoto," na kile kiganja kidogo kikateleza kutoka kwenye changu. Sio kuvutwa, kuteleza, kama sabuni. Nikapapasa hewani. Bajaji ikapita, kisha gari kubwa, kisha kutoka ng'ambo ya barabara sauti ile ile, yenye furaha kabisa: "Mzee, nimeshamvusha! Usiwe na wasiwasi!"

Nilimwita mwanangu kwa jina. Akajibu, "Baba, mimi huku." Kumbe yule bwana akaanza kurudi naye kunifuata na mimi, katikati ya magari. Nikapiga kelele, "Kaka, asante, baki hapo hapo! Mshike, msisogee!" Kuna mtu mwingine aliyenipa kiwiko, nikavuka. Yule bwana akanipa mkono, akanibariki, akaenda zake. Utamgombeza vipi mtu kama huyo? Hakuniuliza tu. Watu humwokota mtoto wa asiyeona kama wanavyookota fimbo yake ikianguka, na wanaondoka wakijisikia vizuri.

Yule wa mgongoni hakuna aliyemgusa. Wameshajaribu, stendi, mikono ya watu wema imeshamvuta, "Lete nikusaidie," lakini klipu nne zinataka ruhusa yangu. Mbeleko haina kinga hiyo. Fundo liko kifuani, kila mama anajua linavyofunguliwa. Kwa jambo hili moja nakipa kibebeo alama zote.

Kwa mkubwa, fundi mabegi yule yule alishona mkanda: kizibao cha turubai chenye kitanzi mgongoni, utepe wa begi wa kama mita moja na robo, na mwisho wake bangili ya kitambaa ninayoivaa mkono wa kushoto. Shilingi 6,000. Nikamwongezea njuga mbili ndogo kwenye kamba za viatu, kila mguu moja, buku mbili zote. Jirani yetu, mama mtu mzima, aliangalia siku mbili ndipo akauvunja ukimya: "Mwalimu, shikamoo yako nilishaipokea asubuhi, sasa niambie, huyu mtoto mmemfunga kama mbuzi kwa nini?" Nikamwambia mbuzi wake wawili wana kengele na hawajawahi kupotea. Akacheka, na tangu hapo njuga zikilia karibu na geti lake ananiita kwa sauti, "Mbuzi wako yuko huku!"

Njuga ni bora kuliko mkanda tukiwa nyumbani na uwanjani. Nasikia anakimbia, anapanda, amechuchumaa. Kasoro yake mtoto anajifunza. Jioni moja zililia mpaka jikoni, zikakatika. Nikamwita, kimya. Nikaenda polepole, nikapapasa chini ya meza, nikamkuta amekaa na viatu amevivua, amezibana njuga zote mbili ndani ya ngumi, na kinywa kimejaa sukari. Siku hizi kinachonishtua ni zikinyamaza.

Kibebeo chenyewe mpaka leo: mshono wa bega la kushoto ulianza kufumuka mwezi wa tano, umeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu. Klipu zote zinalia "tak". Mdogo amefikisha kilo tisa kasoro na kiuno changu kimeanza kulalamika kwenye mlima wa kutoka Njoro, hivyo sidhani kama tutafika naye mwaka na nusu. Mwalimu mwenzangu na mkewe, wote hawaoni, wanatarajia mtoto mwezi wa kumi na mbili, wameshakiwekea nafasi. Nimewaambia nitawapa na kile kipande cha kofia nilichokikata, wakiamua kukishona tena ni wao na masikio yao.