Bodi ya taa 8×32 yenye MAX7219: kabla hujailaumu programu, pima umeme

Kwa saa ya ukutani au kibao cha maandishi yanayotembea, kwa bei yake bado sijaona bodi ya kuishinda hii. Ni vipande vinne vya taa 8×8, kila kimoja na chipu yake ya MAX7219 inayoziendesha. Chipu moja inamudu taa 64 kwa sababu haiziwashi zote kwa mpigo: inapita mstari kwa mstari, ikirudia mistari yote minane takriban mara 800 kwa sekunde, jicho likadanganyika.

Udhaifu wake ni ulaji wa umeme. Risista moja tu ndiyo inayopanga mkondo wa taa zote. Kwenye bodi hizi kwa kawaida ni kilo-omu 10, yaani karibu miliampea 40 kwa taa iliyo kwenye zamu. Washa taa zote kwa mwanga wa juu na kila chipu itavuta kama miliampea 320. Chipu nne zinapita ampea 1.2. Fyuzi ya USB ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayoipa chipu maagizo, ni miliampea 500. Ndiyo maana kipande cha mwisho hufifia, au Arduino hujizima na kuwaka upya katikati ya neno. Tumia chaja ya volti 5, ampea 2, peleka umeme moja kwa moja kwenye bodi, na GND (upande wa hasi) ya chaja uiunganishe na ya Arduino. Mimi mwanga naushusha hadi ngazi ya 2 au 3 kati ya 0 na 15; ndani ya nyumba inatosha kabisa.

Wanaotumia ESP32 badala ya Arduino ndio wanaosumbuka zaidi. Chipu ikilishwa volti 5, inahitaji angalau volti 3.5 ili ihesabu ishara kuwa 1, na ESP32 inatoa 3.3. Mezani mara nyingi inakubali, halafu ukirefusha waya unaanza kuona herufi chafu. Weka 74HCT125, chipu ndogo ya kupandisha ishara, katikati, nayo uilishe volti 5. Iwe HCT kweli. HC ya kawaida nayo inadai zile zile 3.5.

Taa zote zikiwaka kwa nguvu na kugoma kuzimika, usidhani chipu imeungua. Kelele kwenye waya imeiingiza kwenye hali ya majaribio. Kwenye programu yako, andika 0 kwenye rejista (kisanduku cha mpangilio ndani ya chipu) 0x0F kila unapoanza, kisha 7 kwenye 0x0B, 0 kwenye 0x09, mwanga kwenye 0x0A, na mwisho 1 kwenye 0x0C. Chipu huamka ikiwa imezimwa, kwa hiyo ukisahau hiyo ya mwisho utatazama giza.

Herufi zikija kinyumenyume kama kwenye kioo, kwenye MD_MAX72XX, maktaba ya programu ya kuendesha bodi hizi, chagua aina ya bodi FC16_HW. Zisipotokea kabisa, angalia kama umeunga waya upande wa DOUT (ishara inakotokea) badala ya DIN (inakoingilia).

Vipande vya taa vinaweza kuchomolewa na kubadilishwa. Kikifa kimoja, nunua 1088AS. 1088BS inafanana nayo kwa sura, ila ncha zake za umeme zimegeuzwa na haitawaka.