Mashoka ya kuchanjia kuni: lipi linapasua, lipi linachosha bure

Malalamiko mengi kuhusu kuni ngumu ni malalamiko kuhusu shoka lisilo la kazi hiyo. Shoka la kuangushia miti lina bapa jembamba, limetengenezwa kukata nyuzi za mti kwa kukingama. Ukilipiga juu ya kipande kilichosimamishwa wima linazama, linabanwa, na muda unaobaki unautumia kuling'oa. Kuchanja ni kuziachanisha nyuzi, na anayeziachanisha si makali bali mashavu ya shoka, pale bapa linapotanuka nyuma ya makali.

Ndiyo maana dukani usianze na mizani. Lishike shoka, lielekeze makali chini, kisha tazama kichwa kutoka upande ambao ncha ya mpini inatokeza. Kichwa kizuri ni chembamba makalini halafu kinanenepa taratibu hadi kisogoni. Kikinenepa ghafla karibu na makali, kitadunda juu ya mti mgumu bila kuingia. Kikichelewa kunenepa, kitaingia na kung'ang'ania. Pembe ya makali ya digrii 30 hadi 35 inafaa. Ikishuka chini ya 25 umerudi kwenye shoka la kukatia.

Uzito unakuja baadaye, na wengi wanaununua kupita kiasi. Ukiongeza uzito wa kichwa mara mbili, nguvu ya pigo inaongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, inaongezeka mara nne. Kichwa cha kilo 1.5 hadi 2.5 kinachokwenda kwa kasi kitapasua sehemu kubwa ya magogo ya kawaida, na mkono utakuwa bado na nguvu baada ya saa moja. Cha kilo 4 kinapendeza kwa mapigo kumi ya kwanza.

Mashoka mawili yanayojulikana yanaonyesha njia mbili tofauti. Shoka kubwa la kuchanjia la Gränsfors Bruk ya Uswidi lina kichwa cha kufuliwa cha kilo 1.6 na mpini wa mbao wa sentimita 70. Ni chombo cha kurithisha: mpini ukivunjika unachonga au kununua mwingine. Udhaifu wake ni ufupi. Shoka fupi likikosa gogo huzunguka kuelekea kwenye miguu ya mpigaji, ilhali lenye mpini mrefu huelekea kujichimbia ardhini mbele yake. Fiskars X27 ya Ufini ina mpini wa takriban sentimita 91, wa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Inapasua kwa kasi nzuri na kichwa hakilegei, kwa kuwa mpini umeundwa pamoja nacho kiwandani. Kwa sababu hiyohiyo mpini ukipasuka huwezi kuubadilisha. Kwa mtu mrefu mwenye kuni nyingi zilizonyooka, X27 ndiyo tungempa. Anayeishi mbali na maduka na anayejua kuchonga mpini atatumikiwa vizuri zaidi na shoka lenye mpini wa mbao, hata lisilo na jina, mradi kichwa kiwe na umbo tulilolieleza.

Shoka zito lenye kisogo cha nyundo, la kilo 3 hadi 4, lina nafasi yake: magogo manene, na kugongea kabari. Bapa lake butu halihitaji kunolewa sana. Lisiwe chombo chako cha kila siku.

Kabari za chuma nunua mbili, si moja. Moja ikizama bila gogo kufunguka, ya pili ndiyo inayoiokoa: ipige kwenye ufa ulioanza, sentimita kadhaa mbele ya ile ya kwanza, na ya kwanza italegea. Kabari ya kilo 2 na nyundo ya kilo 3 hadi 5 zinatosha. Usigongee kwa kisogo cha shoka la kawaida. Tundu la mpini litapanuka au kupasuka, na hapo hakuna mpini utakaokaa tena. Kabari za plastiki na alumini ni za kuzuia msumeno usibanwe wakati wa kuangusha mti, hazifai hapa. Kila baada ya siku ya kazi tazama kichwa cha kabari: chuma kikianza kutanuka kama uyoga, kisage kwa tupa au mashine ya kusagia. Vipande vya ukingo huo hukatika na kuruka kwa kasi inayotosha kuingia jichoni. Miwani ya kinga, basi, si mapambo.

Vipukirves, shoka la Kifini ambalo kichwa chake kimekaa upande mmoja na hujipindua kinapogonga, lina werevu wake. Linamenya gogo kutoka ukingoni na halibanwi. Lakini lazima ulegeze mkono wakati wa pigo ili lijigeuze, na kwenye mti wenye vifundo faida yote inapotea. Ni zuri kwa mwenye miti laini iliyonyooka.

Rudi kwenye mpini, maana ndipo pesa zinapotea. Mpini wa mbao utazame mwishoni, sehemu ya kushikia: mistari ya umri wa mti inapaswa kwenda sambamba na bapa, kutoka makali hadi kisogo. Ikikingama, mpini utavunjika mapema. Tazama pia ubavuni. Nyuzi zikitoka nje kwa mshazari kabla ya kufika mwisho, weka chini uchukue mwingine. Vanishi nene inayong'aa huleta malengelenge. Iondoe kwa msasa upake mafuta ya kitani. Mipini mingi huvunjika si kwa uchakavu bali kwa kupitiliza: makali yanaruka gogo na shingo ya mpini inagonga ukingo. Zungushia shingo hiyo kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, sentimita 10 hadi 15 chini ya kichwa.

Kuhusu kunoa, shoka la kuchanjia halihitaji kunyoa ndevu. Tupa bapa, ikisukumwa kuelekea makalini, mapigo sawa kila upande mpaka mng'ao wa ubutu upotee, kisha kinoo mara chache kuondoa vichembe vya chuma vilivyojikunja makalini. Makali membamba mno hukatika yanapokutana na kifundo au jiwe.

Chombo bora kikipigwa pasipofaa ni bure. Weka gogo la chini lenye kimo cha sentimita 30 hadi 40, limesimama imara, na kipande cha kuchanja juu yake upande wa mbali nawe, ili shoka likipita litue kwenye mti na si kwenye goti. Kata vipande vya sentimita 30 hadi 40. Kila ukirefusha, nyuzi zinazoshikana zinaongezeka. Kabla ya kupiga, soma uso wa kipande. Nyufa za kukauka zinaonyesha mahali mti unapotaka kufunguka, zifuate. Kifundo kiweke chini, mbali na pigo. Gogo pana usilipige katikati: anza ukingoni, menya mabapa kuzunguka, na moyo utabaki mdogo wa kupasuliwa kwa urahisi. Piga macho yakiwa kwenye sehemu unayotaka kugonga, magoti yakikunjwa wakati shoka linashuka ili makali yafike yakiwa sambamba na ardhi. Tairi kuukuu la gari, likifungwa juu ya gogo la chini, hushikilia vipande visitawanyike, na unaokoa kuinama kwingi.

Mti wenye nyuzi zilizosokotana ni habari nyingine. Huko shoka lolote litashindwa, hata la bei kubwa, na kabari ndizo zinazofanya kazi, au msumeno. Miti mingi hupasuka vizuri ikiwa bado mbichi, basi ichanje kabla ya kuikausha. Vipande vilivyopasuliwa hukauka haraka kuliko magogo mazima kwa kuwa unyevu unatoka kwenye uso mpana zaidi.

Vijiti vya kuwashia havihitaji shoka kubwa. Panga nene linatosha: liweke juu ya kipande, ligonge mgongoni kwa rungu la mti, si kwa nyundo ya chuma. Kipande kikiyumba, kishikilie kwa kijiti kingine, mkono uwe mbali.

Kichwa cha shoka kikilegea, usilitie ndani ya ndoo ya maji. Mbao zitavimba na kukaza kwa siku moja, nyuzi zake zitapondeka ndani ya tundu, na zikikauka kichwa kitalegea zaidi ya mwanzo. Shika shoka likining'inia, kichwa kikiwa chini bila kugusa kitu, gonga mwisho wa mpini kwa rungu; kichwa kitapanda kwenye mpini chenyewe. Kisha gongomea kabari ya mbao ngumu iliyokauka kabisa kwenye mpasuo wa juu, kata inayobaki, na paka mafuta ya kitani juu.